Vitamini D kwa mjamzito na kifua cha mtoto

Mama mwenye pumu akishika mimba, swali linalomsumbua ni moja: je, vidonge vya vitamini D vitamkinga mtoto asije naye akabanwa na kifua? Jibu la kweli lina sehemu mbili.

Mwaka 2016 zilitoka tafiti mbili kubwa. Ya Marekani, VDAART, iliwaandikisha wajawazito zaidi ya 870 wa Boston, St. Louis na San Diego, ambao wao wenyewe au baba wa mtoto walikuwa na pumu au mzio. Kuanzia wiki ya 10 hadi 18 ya mimba, nusu walimeza IU 4,400 kwa siku (IU ni kizio cha kupimia vitamini), nusu IU 400. Kufikia miaka 3, watoto 24 kati ya 100 wa kundi la dozi kubwa walikuwa na pumu au kifua kinacholia mara kwa mara, dhidi ya 30 wa kundi jingine. Katika utafiti wa pili, wa Copenhagen, Denmark, walikoanza wiki ya 24 kwa IU 2,800, ilikuwa 16 dhidi ya 20. Kila utafiti peke yake ulikosa uthibitisho wa kitakwimu, yaani tofauti ingeweza kuwa ya bahati tu. Data zilipounganishwa, nafuu ya takriban robo ilionekana wazi. Lakini watoto wa VDAART walipofuatiliwa hadi miaka 6, tofauti ya pumu haikuwepo tena.

Kwa hiyo nafuu ya utotoni inawezekana, na mzazi aliyekesha na mtoto anayehema kwa shida anajua thamani yake. Kinga ya pumu haijathibitika. Usinunue dozi kubwa kwa ahadi hiyo.

Uingereza hushauri IU 400 kwa siku, yaani mikrogramu 10 (mikrogramu moja ni IU 40). Huko, mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika mwili akitoka nje anashauriwa kumeza mwaka mzima, si majira ya baridi tu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge hivi kwa kila mjamzito. Anayedhaniwa kupungukiwa anaweza kupewa IU 200 kwa siku. Na vile vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma na foliki asidi, havina vitamini D.

Makosa huanzia kwenye lebo. Vidonge vya mchanganyiko, vya kalsiamu na vya D vikimezwa pamoja, jumlisha IU zote. Usivuke IU 4,000 kwa siku bila daktari. Kidonge cha IU 50,000, akikiandika daktari, humezwa mara moja kwa wiki, lakini kuna wanaokimeza kila siku. Mafuta ya ini la samaki yaache kabisa ukiwa mjamzito: yana vitamini A nyingi, inayoweza kudhuru mimba. Matone ya mtoto yanahitaji umakini zaidi, kwani chapa moja huweka IU 400 kwenye tone moja, nyingine kwenye mililita nzima. Tumia kipimo cha chupa ileile tu. Kiu kali, kutapika, choo kigumu na mkojo wa mara kwa mara ni dalili kwamba kalsiamu imepanda kwenye damu. Acha vitamini D, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.