Kikombe kisicho na kitako

Jana mwanangu wa darasa la pili alikiokota kile kikombe cha beringi, pete ya chuma ambamo rola za gurudumu huzunguka, kinachokandamiza bili za maji mezani kwangu, akakitia jichoni, akanichungulia. "Baba, mnakiitaje kikombe na hakina kitako? Chai inakaa wapi?" Nikacheka. Akapitisha kidole ndani, kwenye ule mshono wa chuma. "Na hili kovu?"

Kovu hilo ni la Ruaha Mbuyuni, 1998.

Land Rover ya mjomba, ile 109 ya kijani, ilikuwa na magunia 9 ya vitunguu na mlima Kitonga uko mbele yetu, gurudumu la nyuma kushoto likaanza kulia. Kwanza kama paka, halafu kama mashine ya kusaga. Harufu ya grisi inayoungua ikatufikia hadi mbele. Tukageuza, tukarudi polepole kijijini, vitunguu tukavishusha chini ya mti.

Kufungua si habari. Rola zilikuwa zimegeuka buluu, nyingine zimekatika. Kilichogoma ni kikombe cha upande wa ndani, kimeng'ang'ania kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kana kwamba vilizaliwa pamoja. Mjomba akaweka tindo, akapiga upande huu, akageuza, akapiga upande wa pili, maana ukipiga upande mmoja kinakaa mshazari na hapo ndipo utalia. Kikakaa mshazari. Saa 2 nzima tunagonga. Kipande cha chuma kikaruka, kikanichana shavu. Mjomba akatupa nyundo, akatukana spea, na aliyemuuzia spea, na mji alikozinunua.

Mimi kimya. Beringi ile niliifunga mimi, siku 9 kabla, peke yangu. Alishanifundisha: "Mjomba, kaza huku unazungusha. Ikianza kuwa nzito, rudisha nati kidogo. Beringi inataka kupumua." Lakini nilikuwa na miaka 19 na mikono yenye nguvu, nikaona kurudisha nati ni woga. Nilikaza, nikakaza tena.

Akatokea mzee mmoja mwenye mashine ya kuchomelea, jenereta lake linakohoa kuliko yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Acheni kukipiga, hakisikii."

Akafunika habu kwa gunia lililolowa, akabakiza kikombe tu. Akachora mshono wa moto kwa ndani, kuzunguka, bila haraka yoyote. Akazima jenereta, akavua miwani, akawasha sigara.

"Sasa?" mjomba akauliza.

"Sasa ngoja."

Tukangoja. Mshono ulikuwa mwekundu, ukawa rangi ya tofali, ukawa kijivu. Ule mshono ukipoa unajikunja, unakivuta kikombe kwa ndani mpaka kinapungua upana. Hayo alitueleza baadaye. Wakati ule nilisikia njiwa juu ya mti tu, kisha, ndani ya habu, sauti ndogo: tik. Kimya. Tik. Kama mabati ya nyumba jua linapozama. Mjomba aliinuka, mzee akamwonyesha kiganja: kaa. Akavuta moshi wa mwisho, akainua habu kwa matambara, akaipindua. Kikombe kikadondoka mchangani. Hakikuguswa hata na ukucha.

Kipya, mjomba alikuwa nacho chini ya kiti. Kikalazwa saa nzima kwenye friji ya soda ya mama mwenye duka, habu ikaanikwa juani, kikaingia kwa kipande cha mbao na nyundo chache. Nati alikaza mjomba mwenyewe.

Mzee alikishika kile cha zamani kwa koleo, akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki hakikufa njaa ya grisi," akasema. "Kilibanwa." Akanitazama. Au alitazama shavu langu lililochanika, sijui.

Mjomba alihesabu pesa, akampa. "Spea za siku hizi, mzee wangu," akasema, akapanda gari.

Mpaka Iringa hatukuongea. Ni mwaka wa 6 sasa tangu tumzike. Sikumwambia, wala yeye hakuniuliza. Kuna siku naona alijua tangu grisi ilipoanza kunuka. Siku nyingine naona najipa umuhimu tu.

"Baba! Kovu la nini?"

"Spea za siku hizi," nikamwambia.

Akakirudisha juu ya bili.