Kupona baada ya kuzibwa mishipa ya faibroidi, nikiwa Mbeya

Ukitibiwa faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, kwa njia ya kuziba mishipa ya damu inayoulisha, kinachobaki nje ni tundu la milimita 2 hivi kwenye kinena. Plasta ikibanduka, mama mkwe haoni ulipotibiwa, na ndoo ya maji inarudi kichwani kwako. Kazi yenyewe iko ndani. Mrija mwembamba umepitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye mishipa inayolisha kizazi, zikamwagwa chembechembe zisizofika milimita 1, damu ikakoma kuufikia uvimbe. Sasa uvimbe unakufa taratibu, na mwili utashughulika nao kwa miezi. Mapumziko yangu niliyapanga kwa kuufuata uvimbe, sio tundu.

Maumivu huanza palepale mishipa inapozibwa, na siku ya kwanza ndiyo kali. Omba dawa yakiwa bado yanapanda; yakishakolea, dawa huchelewa kuyashika. Mguu uliotobolewa hunyooshwa kwa saa 4 hadi 6 au kadiri utakavyoelekezwa wodini, na ukikohoa bonyeza kinena kwa kiganja. Tundu likivuja damu, lala chali, mtu abonyeze kwa vidole vitatu juu kidogo ya tundu, dakika 10 bila kuchungulia. Nasema juu kwa sababu sindano huingia kwa mshazari: mshipa umetobolewa juu zaidi ya pale ngozi ilipotobolewa. Kinundu kidogo na ngozi kuvilia damu ni kawaida. Kinundu kikikua, au mguu ukipoa na kufa ganzi, rudi hospitali mara moja.

Kwetu Nyanda za Juu wengi hufuata tiba hii Dar es Salaam, Muhimbili, halafu ni zaidi ya kilomita 800 kurudi. Usipande basi siku unayoruhusiwa. Mimi nilikaa kwa ndugu hadi wiki ya kwanza ikapita, maana homa, kichefuchefu na uchovu huja ndani ya wiki hiyo, na ni heri vikukute karibu na waliokutibu kuliko kwenye kona za Kitonga. Ndani ya basi kunja na kunjua vifundo vya miguu, kunywa maji usiogope choo, shuka utembee kila basi linaposimama. Damu hupenda kuganda kwenye mguu uliokaa muda mrefu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, usisubiri kufika nyumbani.

Dawa nilikunywa kwa saa, sio kwa maumivu: ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, na paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6. Vidonge vya paracetamol vya miligramu 500 visizidi 8 kwa siku nzima. Baridi ya Juni na Julai huleta mafua, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo soma boksi kabla hujaongeza. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au pumu asiguse ibuprofen bila kumwambia daktari. Tramadol na morphine hufunga choo; papai, parachichi na maji mengi vilinisaidia.

Nunua kipimajoto. Kiganja kwenye paji la uso hakiaminiki, hasa kwenye baridi hii. Homa ndogo ya wiki ya kwanza hutulia yenyewe. Ya kuogopwa ni inayozidi nyuzi 38.5, au iliyokwisha kisha ikarudi, pamoja na uchafu wa ukeni unaonuka na tumbo linalozidi kuuma: hizo ni dalili za maambukizi kwenye kizazi. Zahanati watakupima malaria kwanza, na ni sawa, lakini wape karatasi ya kuruhusiwa na uwaeleze ulichofanyiwa. Hata malaria ikionekana, kizazi nacho kiangaliwe.

Uchafu wa kahawia au majimaji ya rangi ya waridi unaweza kutoka kwa wiki kadhaa. Tumia pedi za nje tu. Kama uvimbe ulikuwa umechomoza kwenye uwazi wa ndani ya mfuko wa uzazi, kipande chake kinaweza kutoka baadaye, hata baada ya miezi, laini na cheusi kama ini. Kikikwama kwenye mlango wa kizazi huleta mikazo na damu nyingi. Usikivute, nenda kikatolewe kwa vifaa safi. Pedi ikilowa chapa kila saa, nenda pia. Na dada zangu, dawa za kusafisha kizazi, za kunywa, kukalia mvuke au kuweka ukeni, zikataeni hata zikiletwa na shangazi kwa upendo. Mle ndani kuna nyama iliyokufa, usiipelekee vijidudu. Tendo la ndoa nalo lisubiri ruhusa ya daktari.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mwanzoni nilibeba kidumu cha lita 5, basi. Choo cha kuchuchumaa kinataka kiganja kwenye kinena siku za mwanzo, na bodaboda kwenye matuta iache; chukua bajaji.

Kama ulikuwa ukivuja damu nyingi kabla ya tiba, huenda damu yako bado ni pungufu. Vidonge vya madini ya chuma vinywe kwa maji na chungwa, mbali na chai na maziwa. Kwetu chai ya Rungwe haikosekani mezani, kwa hiyo tenganisha kwa saa 2. Choo kuwa cheusi kusikutishe.

Altrasaundi hufanywa mwezi wa 3 na wa 6 baada ya tiba. Hapo wengi hukata tamaa bure: uvimbe ulikuwa sentimita 8, sasa 6.3, wanaona umepungua kidogo tu. Huo umepungua nusu, kwa sababu kinachopungua ni ujazo, sio upana peke yake. Omba vipimo vyote vitatu viandikwe, urefu, upana na kina, na uende na majibu ya kwanza ili mpimaji alinganishe uvimbe uleule.