Bondeni niliyoikuta

Watu wa Nakuru wakisikia unatoka Bondeni, bado wanashika mifuko. Nimekaa Qatar miaka mingi, nimerudi nikakuta mji umeshakuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini sifa ya mtaa wetu iko palepale. Kijana wa bodaboda pale steji aliniambia, "Bondeni saa hizi? Ongeza hamsini, dada." Ilikuwa saa mbili usiku tu.

Kilichobadilika ni majengo. Maghorofa ya nyumba za bei nafuu za mpango wa serikali yamejengwa, nyumba 605 kwa jumla. Kwa upande wetu, zile nyumba kuukuu za kupanga bado zipo, mabati yameshika kutu na vichochoro ni giza. Na sasa naambiwa Bondeni imetulia kwa sababu ya maghorofa. Hapo nakataa.

Wahuni walikuwepo, sitaficha, na wengine tulisoma nao. Lakini mwaka 2022, wanawake walipouawa majumbani mwao jiji zima likashikwa na hofu, ilikuwa Mawanga, mtaa mwingine wa Nakuru, si kwetu. Hata hivyo, msako wowote ukianza, kijana akitaja Bondeni anabebwa kwanza, maelezo baadaye.

Ulinzi wetu tulikuwa nao, na naujua ulipokaa. Kuna mama jirani anayekaanga mahamri mlangoni pake tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Jiko liko kizingitini, yeye kwenye kigoda, uso umeelekea njiani. Anajua nani katoka kichochoro gani, mtoto wa nani hakulala kwao, mgeni gani kapita mara ya pili bila kusalimu. Ukiibiwa simu, hukwenda popote: ulimwambia yeye, akatuma mtoto kwa nyumba fulani, na kabla ya magharibi simu imerudi. Serikali ilipoleta Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, mwaka 2013, kwetu ilikuta kazi inafanyika.

Nilikaa naye asubuhi nzima. Amesikia kwamba nyumba za zamani nazo zitafikiwa na ujenzi, lakini hakuna aliyempa karatasi ya kumwonyesha atahamia wapi. "Mwanangu," akaniambia, "sisi tukitawanywa, hawa watoto nani atawajua?"

Kupata nyumba mpya kunataka ujiandikishe Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizo, uweke amana, kisha ulipe kila mwezi kwa miaka. Amana hiyo ataitoa kwenye mahamri ya shilingi kumi? Na huko kwenye maghorofa, mlinzi wa getini anaandika jina na nambari ya kitambulisho, basi. Hajui mama yako ni nani.

Sipingi ujenzi. Hakuna aliyelelewa chini ya mabati yanayovuja anayepinga ujenzi. Ninachotaka ni kwamba kabla ya tingatinga kufika, orodha ya wapangaji waliopo iandikwe, isomwe hadharani, kila mmoja ajue nyumba yake na kodi yake. Na huyu mama apewe nyumba ya chini kabisa, usawa wa ardhi, mlango uelekee njiani, na asikatazwe kuweka jiko.