Siku moja maishani mwangu: naoka mwanga ndani ya Hiace ya Marangu

Saa 11 alfajiri. Hapa Majengo umeme hutulia saa hizi, kwa hiyo kazi nzito naianza kabla hakujapambazuka. Naiachia Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, ioke, mimi nakoroga uji.

Tunatengeneza gemu, mimi na mwenzangu wa Arusha. Mchezaji ni konda wa Hiace ya Moshi kwenda Marangu. Nyumba, migomba na barabara havisogei, hivyo mwanga wake tunaukokotoa mara moja na kuuhifadhi kwenye picha, yaani ramani ya mwanga. Huko ndiko kuoka. Simu ya mchezaji inasoma picha tu, haihangaiki na hesabu. Lakini gari linatembea. Ukilioka palepale lilipoegeshwa, kivuli cha mwembe wa Himo kitaganda kwenye bati na kupanda nalo mlima hadi Marangu. Nimeshakiona kivuli hicho, kinaudhi.

Saa 2 asubuhi. Kwa hiyo gari nalioka peke yake, na picha ya ndani yake imeiva. Jua nilikuwa nimelizima kabisa, nikaacha taa sita za dari peke yake. Kwenye Diffuse, yaani mwanga unaosambaa juu ya vitu, naacha Direct (unaotoka kwenye taa moja kwa moja) na Indirect (unaodunda), naondoa Color (rangi ya kitu chenyewe), ili nibaki na mwanga mtupu usio na rangi ya siti. Nahifadhi kwa EXR, faili la picha linalobeba thamani kubwa, maana karibu na taa thamani ya mwanga inapita 1, na PNG ya kawaida ingeikata.

Saa 3 na nusu. Naingiza kwenye Godot, injini inayoendesha gemu letu, naendesha gari hadi Kiboriloni, nafungua mlango. Mstari mweusi! Upana wa vidole viwili, umenyooka kwenye ngazi ya kupandia, kama mtu amemwaga oili chafu. Nilioka mlango ukiwa umefungwa, na pale ulipogusana na sakafu mwanga haukufika. Mlango umeondoka, giza lake limebaki.

Hapa nimekaa hadi mchana. Gari linasogea barabarani, na mlango nao unasogea ndani ya gari, kwa hiyo taa za dari zinaambatana na siti lakini haziambatani na mlango. Nimeoka ramani mbili za bodi, moja mlango ukiwa wazi, nyingine umefungwa, kila moja ya pikseli 1024 kwa 1024. Sheda, programu fupi inayoamua rangi ya kila pikseli, inazichanganya kadiri mlango unavyoteleza. Katikati ya safari yake mchanganyiko huo si sahihi kabisa, ila mlango unafunguka chini ya sekunde moja, jicho haliwahi kukamata. Mlango wenyewe nimeuokea giza la mikunjo yake tu, chini ya mpini na kwenye kingo. Giza hilo ni la kwake, linakwenda nao popote.

Saa 7 mtori, saa 8 simu kutoka Arusha.

"Dada, si uweke tu taa hai sita, za kukokotolewa papo hapo, tumalize?"

"Kaka, gari tatu stendi ni taa 18. Simu ya mtu itaungua mkononi."

Amekubali, ila akauliza mwanga wa nje unaingiaje. Jua ni taa hai, vivuli vyake vinakokotolewa papo hapo. Mwanga unaodunda kutoka ardhini na kwenye kuta gari linaupata kwa probu, yaani nukta za kupimia mwanga zilizotawanywa njiani, baada ya kuliwekea GI Mode ya Dynamic, mpangilio wa Godot wa vitu vinavyosogea. Udhaifu wake ni kwamba bodi nzima inachukua kipimo kimoja cha katikati yake. Kwa Hiace inatosha. Kwa basi refu ningeligawa vipande.

Saa 12 na nusu jioni nimeshuka stendi, nikapanda Hiace nikae siti ya nyuma hadi Kiboriloni. Giza la huku halichelewi. Dereva akawasha taa za bluu za dari. Mbele yangu bibi amepakata mkungu wa ndizi, na ule ubluu umetulia kwenye kilemba chake, gari likikata kona, likipiga breki, hautikisiki. Kisha taa ya duka ikaingia dirishani, ikapita begani kwake, ikarukia siti ya pili, ya tatu, ikanifikia, ikatoka. Ule wa kilemba naweza kuuoka. Huu wa duka kamwe.

Saa 3 usiku, nyumbani. Mstari muhimu wa sheda ni mfupi: EMISSION = rangi * mwanga * washa. EMISSION ni mng'ao wa uso wa gari, na hiyo washa inatoka 0 hadi 1, konda akibonyeza swichi. Nikafungua mlango kituoni. Ngazi safi, ina ubluu wake. Lakini ardhi chini ya ngazi ni nyeusi tii, kwa sababu ramani iliyookwa inaangaza gari tu, haimwagi kitu nje. Nimeweka taa hai moja ndogo mlangoni, inawaka mlango ukiwa wazi tu. Vumbi la Kiboriloni likapata bluu hafifu, na abiria wa kwanza akakanyaga juu yake.