Baba Koto wa Andasibe

Mama aliyeketi ubavuni mwangu ndani ya taxi-brousse, zile hiace za masafa marefu za Madagaska, alikuwa na kuku wawili kikapuni. Mmoja akachomoza kichwa akanidonoa kiwiko. Mama akamsukuma chini huku akimkaripia, na katika maneno yake yote nikadaka moja tu: akoho. Nikamwonyesha yule kuku, nikasema, "Kuku." Akanitazama, akacheka, akarudia taratibu, "Akoho."

Kutoka Antananarivo, mji mkuu, hadi Andasibe ni kilomita zipatazo 140, barabara ya kona tupu na malori ya bandari ya Toamasina, nasi hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Basi tukahesabu mifugo. Ng'ombe mwenye nundu katikati ya majaruba ya mpunga: omby. Mbwa kando ya kibanda cha makaa: amboa. Kondoo: ondry. Kimalagasi mizizi yake iko Borneo, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Hindi, lakini mifugo hii ilivuka na watu wa pwani yetu ya Afrika, na majina yake yakavuka nayo. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani. Sikujua litanisisimua kiasi kile nikilisikia kwa mama anayemgombeza kuku wake.

Andasibe ni kijiji kidogo kilichoota kando ya reli ya enzi za Wafaransa. Baridi yake ilinikumbusha Lushoto: ukungu, manyunyu, na watu waliojitanda shuka mabegani. Kwa mama lishe karibu na stesheni nikaomba chakula kisicho na nguruwe, akaniletea mlima wa wali na ravitoto. Kuonja tu, kisamvu! Kimetwangwa kama chetu, ingawa nazi ya Tanga sikuikuta. Kisha akamimina kikombe cha maji ya rangi ya chai, ya moto, yenye harufu ya kuungua. Wanayaita ranovola, maji ya fedha. Chungu kikishapakuliwa wali, humimina maji juu ya ukoko na kuyachemsha, na hicho ndicho kinywaji cha kushushia. Mimi niliyekua nikigombania ukoko na ndugu zangu sikuwahi kuwaza kwamba unaweza kunyweka. Nikaomba kikombe cha pili.

Asubuhi tuliingia msitu wa Analamazaotra na kijana wa pale pale kijijini, mwongozaji. Ruba walinipanda hadi gotini. Tulikuwa tumetembea karibu saa nzima tukitazama okidi na kinyonga wa kijani mrefu kama mkono wangu, mara msitu ukalia. Sina namna nyingine ya kuisema. Sauti ilianza kama baragumu, ikapanda, ikavutwa, ikateremka kwa huzuni, na kabla haijaisha kundi jingine likaitikia kutoka bondeni. Nywele zilinisimama.

Walikuwa wanne juu yetu, weusi kwa weupe, masikio ya manyoya, mkia hakuna wa kuutaja. Ndio indri, wakubwa kuliko lemuri wote walio hai, wale wanyama wa mitini wa Madagaska, na kwa ukoo ni jamaa wa komba wetu hawa wanaolia usiku minazini. Jike mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Alitutazama kwa macho ya kijani-manjano, akatafuna jani, akatuacha.

"Sisi tunawaita babakoto," mwongozaji akaninong'oneza. Nikamwomba arudie. Babakoto. Baba Koto! Kama Baba Juma, kama Baba Asha. Akanisimulia: mvulana alipanda mti kurina asali, nyuki wakamvamia, akaachia matawi. Indri akamdaka kabla hajafika chini. Tangu siku hiyo kumuua ni fady, na fady ni mwiko kwa maana yake nzito, ule unaowahusu mizimu na uzao wako.

Nilimuuliza kama mwiko bado unashika. Alinyamaza kidogo. Wa kwao wengi wanaushika, akasema, lakini wageni huja na njaa zao, na msitu wenyewe unakatwa na kuchomwa kwa ajili ya mashamba na makaa. Nilikwisha kuviona vilima vipara njiani na magunia ya makaa yaliyopangwa hadi kiunoni. Indri hajapata kufugwa akadumu. Hakuna bustani ya wanyama itakayomhifadhi. Miti hii ikienda, naye ameondoka. Niliumia kusikia hayo huku wimbo wao bado unavuma kichwani, na nililipa ada ya msitu siku ya pili pia, nikarudi kuwasikiliza tu, bila kamera.

Jioni ya mwisho kijana yule alinisindikiza stesheni ya magari. Tulipita makaburi kilimani, akanionyesha kwa kidole kilichokunjwa, kwani kuyanyooshea kidole ni fady nako. Akauliza nyumbani wananiitaje. Nikamwambia, mtoto wangu wa kwanza ni Zuhura, kwa hiyo mtaani mimi ni Baba Zuhura. Alisimama katikati ya njia, akacheka hadi akashika magoti.

Gari lilipoanza kuondoka alipunga mkono dirishani.

"Veloma, Babazuhura!"