Sikukuu na paka watundu: usianze na mti, anza na utepe

Paka mtundu haoni mapambo. Anaona kitu kinachoning'inia, kinachometameta na kutikisika, na kwake hicho ni windo. Kumfokea kutwa nzima hakusaidii. Panga nyumba mapema, halafu mchezeshe kabla wageni hawajapiga hodi.

Watu wengi huhangaikia mti wa mapambo, kumbe hatari kubwa iko kwenye utepe wa zawadi. Ulimi wa paka una vimiiba vilivyoelekea kooni. Akishautia utepe mdomoni, kuutema ni kazi. Kila anapojaribu kuusukuma nje kwa ulimi ndivyo unavyozidi kuingia. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au pale tumbo linapoungana na utumbo, na sehemu iliyobaki huendelea na safari. Utumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha sketi kilichovutwa kamba, na utepe ukikazwa hivyo unaweza kuukata. Dalili ni kutapika tena na tena, kukataa chakula na kujikunyata pembeni. Ukiona utepe unachungulia mdomoni au mkunduni, usiuvute hata kidogo, maana mkono wako ndio utakaomalizia kukata. Mzuie asiendelee kuutafuna, umpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, hata akionekana mzima.

Kwa hiyo zawadi zifungwe kwa karatasi tu, na utepe uwekwe dakika ya kukabidhi. Zile nyuzi za plastiki za kumetameta ni afadhali zisiingie kabisa kwenye nyumba yenye paka. Zawadi zinapofunguliwa, mtu mmoja ashike mfuko na kuokota kila kamba papo hapo. Pipa liwe na kifuniko. Karatasi na maboksi mwachie paka, hiyo ndiyo sikukuu yake. Bandua kwanza mikanda ya gundi na pini za chuma, na kata mishikio ya mifuko ya karatasi: paka akiingiza kichwa hapo, akishtuka hukimbia na mfuko shingoni.

Mti, kama unao, uwe na kitako kizito na kipana. Funga waya mwembamba kwenye shina, karibu na juu, uukaze hadi kwenye kulabu ya ukutani. Kochi au rafu ikiwa karibu, umempa jukwaa la kurukia, basi isogeze. Uache mti mtupu siku mbili tatu mpaka auzoee, kisha theluthi ya chini utundike vitu vya mbao au kitambaa tu. Nyaya za taa zipitishwe ndani ya bomba la plastiki, na plagi ichomolewe watu wanapokwenda kulala. Mishumaa ya moto na mikia haipatani. Ukitumia ya betri, chagua ile ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, kwa sababu betri ndogo ya duara ikimezwa huunguza koo.

Kwa upande wa maua, lili (jenasi Lilium na Hemerocallis) hayafai kabisa. Chavua iliyodondokea manyoya, paka akijilamba, au maji ya chombo cha maua, yanatosha kuua figo ndani ya siku moja hadi tatu. Mgeni akija nayo, mshukuru na uyatoe nje. Waridi halina sumu kwa paka; jihadhari na miiba yake tu.

Mezani, vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, hata vikiwa ndani ya mchuzi. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti na pombe zisimfikie. Ukitaka kumwonjesha, vipande viwili vitatu vya nyama iliyochemshwa bila chumvi wala viungo vinatosha. Mikoba ya wageni nayo iwekwe ndani ya kabati: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Sasa mchezo. Nusu saa kabla ya wageni, chukua kijiti chenye unyoya kwenye kamba, umchezeshe dakika 10 hadi 15. Wengi hukosea kwa kumpungia paka unyoya usoni. Hakuna panya anayemkimbilia paka. Uburute ukimkimbia, ufiche nyuma ya mguu wa kiti, usimamishe, utikise kidogo tu. Ukiona nyonga zinachezacheza na mboni zimepanuka, ameshanasa. Mwache aukamate mara kadhaa, punguza kasi, kisha mpe chakula chake. Kuwinda, kukamata, kula, kujilamba, kulala: ndio utaratibu wake, na wageni watamkuta kwenye hatua ya mwisho. Taa ya leza haina cha kukamatwa, humwacha na kiherehere. Kijiti chenyewe, mchezo ukiisha, kifungiwe kabatini. Nacho kina kamba.

Andaa pia chumba kimoja kisichoingiliwa na wageni: maji, choo cha mchanga, chakula mbali na hicho choo, boksi la kujificha na mahali pa kupanda juu. Mwingize humo kabla ya kelele kuanza, na bandika karatasi mlangoni, kwa sababu daima yupo mgeni anayefungua milango. Usiku wa fataki, funga madirisha na mapazia kabla ya giza. Akijificha mvunguni, mwache; kumvuta atoke ni kuomba mikwaruzo.

Baada ya shamrashamra, chunguza sahani na choo. Paka aliyegoma kula kutwa nzima anahitaji daktari. Dume anayeingia na kutoka chooni, anachuchumaa na mkojo hautoki, huenda njia imeziba, na msongo wa kelele na wageni unaweza kuchangia. Huyo hasubiri asubuhi. Tafuta mapema namba ya daktari wa wanyama anayefanya kazi siku ya sikukuu, uibandike kwenye friji.