Hanania na Miaka Yake Miwili

Somo: Yeremia 28

Wapendwa katika Bwana,

Hanania mwana wa Azuri alisimama nyumbani mwa Bwana, mbele ya makuhani na umati wote, akatoa ahadi yenye muda kamili. Ndani ya miaka miwili nira ya mfalme wa Babeli ingevunjwa, vyombo vya hekalu vingerudishwa, na Mfalme Yekonia angerudi pamoja na mateka wote. Yeremia alikuwa palepale, nira ya mti shingoni mwake. Jibu lake la kwanza ni lile tunalolipita haraka tukisoma sura hii: Amina. Bwana na afanye hivyo. Yeremia aliitamani amani hiyo kwa moyo wote. Kisha akaweka kipimo, kwamba nabii anayetabiri amani atajulikana kuwa ametumwa na Bwana pale neno lake litakapotimia.

Nimeichagua sura hii kwa sababu kila ukitangazwa mpango mpya wa amani kati ya Israeli na majirani zake, simu zetu hujaa "Bwana asifiwe" kabla mtu hajauliza kilichomo ndani. Nami naliombea eneo lile amani kila siku. Lakini tukumbuke tulikopita.

Tarehe 13 Septemba 1993, katika bustani ya Ikulu ya Marekani, Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, na Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, walipeana mikono, Rais Bill Clinton katikati yao amenyoosha mikono yake. Rabin anaonekana kusita kidogo kabla ya kuutoa mkono. Mapatano hayo, yaitwayo ya Oslo, yaliweka miaka mitano ya mpito, na mambo mazito yakaahirishwa: Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka, usalama. Yaani palepale panapouma hapakuguswa. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi aliwaua Waislamu 29 wakiwa kwenye sala mjini Hebron. Aprili Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha, ikaanza kulipua mabasi ndani ya Israeli. Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin alipigwa risasi na Myahudi mwenzake mjini Tel Aviv, akitoka kwenye mkutano wa kuunga mkono amani. Mfukoni mwake ilikutwa karatasi ya wimbo wa amani alioimba na watu jioni ile, imelowa damu.

Miaka mitano ikapita. Mwaka 2003 zikatolewa hatua nyingine, zikiahidi dola ya Palestina ifikapo 2005. Novemba 2007, huko Annapolis, Marekani, viongozi wa pande zote mbili waliahidi kujitahidi kufikia mapatano kabla 2008 haijaisha. Tarehe 27 Desemba 2008, siku chache kabla ya muda huo kwisha, ndege za Israeli zilikuwa zinaipiga Gaza. Katika miaka hiyo yote nyumba za walowezi ziliendelea kujengwa Ukingo wa Magharibi, na roketi ziliendelea kurushwa kutoka Gaza. Hanania alikuwa na miaka yake miwili, nayo haikutimia. Wakuu wa zama zetu nao wana tarehe zao.

Iko mipango mibaya zaidi ya hiyo, ile inayoandikwa bila mwenyewe kuwepo. Januari 2020 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza mpango wake, Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israeli, akiwa pembeni yake, na hapakuwa na kiongozi hata mmoja wa Wapalestina. Februari 2025 akapendekeza watu wa Gaza wahamishiwe nchi nyingine, pwani yao ifanywe mahali pa utalii. Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kulisikia hili kwa uchungu wa pekee. Mwaka 1903, Wayahudi walipokuwa wakiuawa Urusi, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, wazo la kupata makao katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Haja ya kuwaokoa wale watu ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa lolote kuhusu ardhi yao. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni wenyewe ndio ulioukataa mpango ule.

Sisemi kwamba amani haiwezekani kule. Anwar Sadat, rais wa Misri, alikwenda Yerusalemu Novemba 1977, na Machi 1979 Misri na Israeli zikatia saini mkataba ambao haujavunjwa hadi leo. Ulikuwa na gharama, na gharama ikalipwa. Israeli iliirudisha Sinai yote, na Aprili 1982 askari wake waliwaburuta ndugu zao walowezi juu ya mapaa ya Yamit, mji wao wa huko Sinai, kisha mji ukabomolewa. Sadat alikuwa ameshalipa kwa uhai wake, alipouawa tarehe 6 Oktoba 1981. Hata hivyo Wapalestina waliahidiwa mamlaka yao ya ndani katika mazungumzo yaleyale, na sehemu hiyo ikaachwa inaning'inia.

Basi mpango ukija, tuulize nani hakuitwa, nini kimeahirishwa, na nani atalipa.

Wapo kati yetu wanaosema vita ya Israeli na majirani zake imeandikwa katika Biblia, kwa hiyo tusihangaike nayo. Siwezi kukaa upande huo. Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas ilipoishambulia Israeli, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa pamoja na mamia ya watu wa huko, na wazazi wao waliomboleza hapa kwetu. Tangu siku hiyo Gaza imezika makumi ya maelfu, wakiwemo watoto wengi. Hakuna aya inayoturuhusu kuyatazama makaburi hayo kama ratiba inayosonga mbele.

Katika maombi ya wiki hii tuzitaje familia hizo mbili za Tanzania. Tuzitaje familia za Israeli zilizopokea miili ya mateka wao, na mama wa Gaza ambao bado wanatafuta watoto wao chini ya vifusi. Tuwaombee viongozi wa pande zote mbili ujasiri wa kuiweka Yerusalemu na suala la wakimbizi mezani tangu siku ya kwanza. Na tuwaombee waumini wa parokia ya Familia Takatifu mjini Gaza, walioyafanya majengo ya kanisa lao kuwa makazi ya waliokosa pa kulala.